Mashine Iliyowapa Watu Wote Homa

Kazini walimwita Dada Pole, na jina lenyewe lilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Ukijikwaa mlangoni, pole. Ukipiga chafya, pole. Kompyuta yako ikizimika katikati ya kazi, pole yake inakufikia kabla hujamaliza kuilaani. Mbunifu wa kampuni, kijana mwenye maneno mengi aliyekaa meza ya jirani, aliapa kwamba siku moja alimsikia akiipa pole printa iliyokwama karatasi. Dada Pole hakukanusha. Alilelewa na mama asiyeweza kumwona mtu ana taabu akapita kama hajaona, naye akakua vivyo hivyo. Watu wa namna hiyo wangekuwa wengi, sote tungeishi kwa raha zaidi.

Tatizo ni kwamba alilipwa mshahara ili awatazame watu wakipata taabu.

Alikuwa mtafiti wa watumiaji. Mama mkwe wake hakuwahi kuielewa kazi hiyo, akawa anawaambia majirani kwamba mkwewe "anafanya mambo ya kompyuta", basi, yameisha. Kumbe ni kazi rahisi kuieleza. Kampuni ikitengeneza programu au mashine, yeye humketisha mtu wa kawaida mbele yake, akampa shughuli ya kufanya, kisha akatazama. Anakwama wapi? Anakunja uso wapi? Baadaye anaandika ripoti, na wabunifu ama wanarekebisha ama wananuna, na mara nyingi wanafanya yote mawili.

Mwaka ule kampuni ilikuwa imetengeneza mashine ya mapokezi kwa ajili ya zahanati. Ilisimama karibu na mlango, kimo cha mtu mzima, na skrini kubwa kifuani. Mgonjwa akifika aligusa skrini, mashine ikamuuliza anasumbuliwa na nini, akachagua ugonjwa kwenye orodha, na karatasi ikatoka ikiwa na namba yake ya foleni na chumba cha kwenda. Mbunifu alijivunia herufi zake kuliko kitu kingine chochote. Zilikuwa kubwa, nyeusi, zenye afya. "Hata bibi aliyesahau miwani nyumbani anazisoma," alikuwa akisema, na alilisema hilo kwa yeyote aliyesimama karibu naye muda wa kutosha.

Mashine moja iliwekwa kwenye zahanati moja kwa majaribio, dirisha la karani wa mapokezi likafungwa kwa muda, na ripoti ya Dada Pole ikasema watu wameielewa na wameipenda. Kulikuwa na jambo moja tu la ajabu. Karibu kila mgonjwa aliyegusa mashine ile alikuwa na homa. Bosi alisema ni msimu. Mbunifu akasema homa ndiyo iliyo juu kabisa ya orodha na watu ni wavivu wa kusoma. Dada Pole akaandika kwamba ni msimu, akaendelea na mengine, ingawa kuna kitu kilimkereketa moyoni. Mpango ulikuwa kwamba mwisho wa mwezi mashine zifungwe katika zahanati zote za mji, na madirisha ya mapokezi yapigwe kufuli. Baada ya hapo mgonjwa asingekuwa na njia nyingine ya kumfikia daktari ila kupitia skrini ile.

Ndipo akatumwa kwenye kongamano la watu wa kazi yake.

Lilifanyika katika hoteli yenye viyoyozi vikali hivi kwamba wajumbe walikunywa chai ili tu kupasha vidole moto. Kila mtu alining'iniza beji shingoni na kusoma beji ya mwenzake kabla ya kumwangalia usoni. Mzungumzaji wa kwanza alikuwa bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa, aliyetembea huku na huko jukwaani akieleza safari ya mtumiaji, mwanzo wa safari, vikwazo vya safari, mwisho wa safari, hata mtu aliyechelewa kuingia angedhani anauza tiketi za basi. Dada Pole alipiga makofi pamoja na wengine. Alichokipata pale ni kujua soketi ya kuchajia simu iko wapi.

Wakati wa chai alijikuta meza moja na mtafiti wa benki, mtu wa makamo mwenye kucheka kwa urahisi, wakaanza kusimuliana aibu zao, maana wenye kazi moja wakikutana hawakawii kufika huko. Yule wa benki alisema aliwahi kuwapima wateja ofisini kwake, kwenye kiti cha kuzunguka, na wote wakafaulu kutoa pesa kwenye programu mpya. Walipofika barabarani wenye mzigo mkono mmoja na mtoto mkono mwingine, hakufaulu hata mmoja. "Nilipima kiti changu," alisema, akacheka mpaka chai ikamwagika. Dada Pole alicheka naye, akampa pole, kisha akakumbuka kwamba na yeye aliwapima watu wake kwenye chumba cha mikutano, mlango ukiwa umefungwa, huku yeye na mbunifu wamekaa nyuma yao. Kicheko kikampungua kidogo.

Mchana akaingia kwenye warsha ndogo, chumba kisicho na dirisha. Aliyeiongoza alikuwa mama mmoja mwenye mvi chache na raba nyeupe, aliyefanya kazi hii tangu enzi ambazo haikuwa na jina. Kila mshiriki alitakiwa kuja na rekodi ya mahojiano yake, ili wenzake waisikilize. Dada Pole alinyoosha mkono mapema. Aliamini yake ni nzuri.

Rekodi ikaanza. Sauti ya mwanamke ikasikika, "Sasa hapa... mmh." Kikafuata kimya kidogo. Halafu ikaja sauti ya Dada Pole, tamu kabisa, "Pole." Mwanamke akasema, "Aa, hamna shida," skrini ikalia, akasema, "Homa. Tayari, dada."

Mama wa raba nyeupe akaisimamisha.

"Nani kasema pole?"

"Mimi, mama."

"Alikuwa kaumia?"

"Hapana, mama. Alikuwa amekwama."

"Nani kakwambia amekwama? Kasema?"

Hapana, mwanamke yule hakusema.

"Labda alikuwa anafikiri," mama akasema. "Labda alikuwa na jambo anatafuta namna ya kukwambia. Wewe ukampa pole. Unajua yeye alisikia nini? Alisikia, nimekuona unavyoshindwa. Sasa mtu mzima akishaonekana anashindwa atafanya nini? Atajikaza, atacheka, atabonyeza kile cha kwanza anachokiona ili aondoke zake. Hebu weka mwingine."

Wakaweka mwingine, mwanamume safari hii. Kimya, pole, homa. Wakaweka mwingine. Kimya, pole, homa. Kufika hapo chumba kizima kilikuwa kinavunjika mbavu, na yeye mwenyewe alicheka mpaka machozi, ingawa masikio yalimchoma kwa aibu.

"Hapa kwetu tumefundishwa kwamba kumwacha mgeni akae kimya ni kumdharau," mama akasema kwa upole zaidi. "Nyumbani endelea hivyo hivyo, mwanangu, ndiyo adabu. Lakini kazini kile kimya ni mali yake. Usimnyang'anye. Na usimuulize kama ameipenda. Nani atakwambia usoni kwamba hakuipenda, na umemkaribisha chai? Mwambie akueleze ilivyokuwa, halafu funga mdomo."

Dada Pole aliyashika maneno yale. Lakini jioni, akirudi chumbani na viatu mkononi, kuna jambo lilimsimamisha katikati ya korido. Kule zahanati, kwenye foleni ya kweli, hakuwepo mtu wa kuwapa wagonjwa pole. Hata hivyo walibonyeza homa. Basi kuna kitu kingine kilichowakimbiza, na watu waliokuwa karibu kumwambia ni kitu gani, yeye ndiye aliyewafukuza kwa huruma yake. Aliona uchungu wa kweli, si ule wa kuchekwa.

Aliporudi nyumbani alianza mazoezi mara moja. Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa mezani na binti yao. Dada Pole akawasalimia, akakaa, akasema, "Nielezeni mambo yalivyokuwa nilipokuwa sipo," kisha akafunga mdomo.

"Salama," mumewe akasema.

Dada Pole akatulia, akimwangalia kwa uso mwema.

"Shule pia salama. Huyu kafanya vizuri mtihani wake."

Akaendelea kutulia. Mumewe akasogeza sahani, akairudisha ilipokuwa, akamtazama binti kama anayeomba msaada. Binti akainamia chakula chake.

"Haya, basi!" mumewe akasema. "Pasi nimeiunguza mimi. Na blauzi yako ya bluu. Nilikuwa naongea na simu. Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia," alisema Dada Pole, akiwa haamini masikio yake.

"Sasa ulinuna kwa nini?"

"Sikununa, mume wangu. Nilikuwa nafanya kazi." Binti akaangua kicheko, naye mama mtu akacheka mpaka akasahau kuiulizia blauzi.

Kwa bosi haikuwa mteremko namna hiyo. Bosi alikuwa mtu wa haki lakini asiyependa jambo lililokwisha lianze upya. Alimsikiliza mkono shavuni.

"Ripoti si uliiandika wewe?"

"Niliiandika mimi, bosi. Sasa ndiyo naomba kuikosoa. Siamini kwamba mji mzima una homa."

"Mafundi wa kufunga mashine wameshapangiwa zamu. Vibao vya madirisha vimeshachapwa, 'Mapokezi Yamefungwa'. Unataka niwaambie wakubwa nini, kwamba umekwenda hotelini ukapata mashaka?"

Dada Pole hakujibu. Hakuwa anafanya mazoezi, hakuwa na la kusema tu. Bosi akapumua kwa nguvu.

"Wiki hii," akasema. "Ijumaa ukiniletea mashaka tena, tunafunga mashine."

Dada Pole akaenda zahanati, akakaa kwenye benchi pembeni ya mashine, mikono ameikalia ili isimsaliti. Wagonjwa walikuja, wakagusa, wakachukua karatasi. Homa. Homa. Kikohozi, cha mtoto. Homa. Waliokubali kuzungumza naye aliwaita kwenye kona penye dirisha, akawaomba wamweleze ilivyokuwa, akanyamaza. Wakamwambia ni nzuri sana, ni maendeleo, hongereni. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili, na kimya chote alichokivumilia hakikuzaa hata neno moja la maana. Mbunifu alimpigia simu kumuuliza kama amemaliza kuwakodolea watu macho. Kila alipoiwaza Ijumaa aliwaza pia dirisha la mapokezi, na yule karani mnene aliyezoea kuinamia wazee ili wamnong'oneze.

Ilikuwa siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, alipoingia seremala mmoja. Vumbi la mbao lilikuwa bado limemkaa kwenye nywele. Alifika mbele ya skrini, mkono ukaenda chini ya orodha, chini kabisa, ukasita. Akageuka nyuma. Nyuma yake alisimama mwanamke na mtoto mgongoni, kijana mwenye waya masikioni, na bibi wa makamo aliyekuwa akisoma skrini kwa sauti ndogo, kama wanavyofanya watu wakiona maandishi makubwa. Mkono wa seremala ukapanda juu. Homa.

Dada Pole alimwomba dakika zake, naye akakubali, maana foleni ya homa ilikuwa ndefu. Akawasha kinasa sauti kwa ruhusa yake.

"Fundi, nieleze pale ulipogeuka nyuma."

Seremala hakujibu. Alitazama kucha zake. Nje pikipiki ilipita, muuguzi akaita namba, mtoto akalia akabembelezwa. Ulimi wa Dada Pole uliwasha kweli kweli. Pole ilimjaa mdomoni, akauma midomo, akaimeza. Mtu mwenyewe alikuwa mbele yake ana taabu ya wazi kabisa, naye amekaa tu kama gogo, na alijiona mkatili. Lakini akavumilia.

"Dada," seremala alisema mwishowe, "zile herufi nani kaziandika?"

"Wenzangu kazini."

"Zinasomeka vizuri sana. Zinasomeka mpaka mlangoni."

Akanyamaza tena. Dada Pole hakutikisa hata kichwa.

"Mimi nina shida ya mkojo," alisema seremala, sauti chini. "Muda sasa. Pale kwenye mashine imeandikwa, tena waziwazi, nimeiona. Lakini yule mama wa nyuma yangu, aliyekuwa akisoma kwa sauti, ni jirani yangu, namjua. Sasa nibonyeze, herufi ziwake vile, halafu nirudi naye mtaa mmoja? Hii si mara yangu ya kwanza kuja. Nilibonyeza homa, nikapelekwa chumba cha homa. Daktari akaniuliza homa imeanza lini. Nimwambie nini, kwamba nimeidanganya mashine? Akanipima, akasema homa imeshashuka, nina bahati. Dada, nimekunywa dawa za homa ambayo sina, nimezimaliza, na mkojo bado unanitesa. Zamani nilimnong'oneza karani dirishani, yakaisha."

Hapo ndipo Dada Pole alipozima kinasa sauti, akampa pole yake yote, kubwa, ya kutoka moyoni, na seremala akaipokea. Akamuuliza kama anaweza kuwasikilizisha wakubwa sauti ile. "Waache wasikie," alisema seremala, "ila jina langu usiwape." Kisha Dada Pole akamshika mkono, akampitisha mlango wa nyuma, akamkabidhi kwa daktari mwenyewe, na hakuondoka mpaka alipoona mlango umefungwa na fundi yuko ndani. Alitoka pale akiwa na furaha hata akampita karani bila kumsalimu, ikabidi arudi.

Ofisini walikaa watatu, bosi, mbunifu na yeye. Sauti ikapita mwanzo hadi mwisho. Iliposema herufi zinasomeka mpaka mlangoni, mbunifu alifunika uso kwa viganja. "Nilizikuza kwa ajili ya bibi," alisema baadaye, karibu kulia. Dada Pole akamwambia kwamba bibi alizisoma vizuri sana, tatizo ni kwamba alisoma za wenzake pia.

Bosi alimwomba mbunifu awapishe. Akaiweka sauti tena, ile sehemu ya homa imeshashuka, akaisikiliza akiwa ametazama meza. Dada Pole alikuwa ameandaa hoja zake zote njiani, lakini kitu fulani kwenye mabega ya mzee yule kilimfanya aziache.

"Siku tulipoiweka mashine kule," bosi akasema, "mimi nilipanga foleni kama mgonjwa. Nilisema najaribu tu. Kumbe nilikuwa na shida yangu ya kweli, nikawaza, nitaua ndege wawili kwa jiwe moja. Nyie wote mmesimama nyuma yangu mnapiga makofi." Alikuna shingo. "Nilibonyeza homa."

Dada Pole hakumuuliza ni shida gani, na bosi hakusema. Alivuta simu, akawapigia mafundi, akawaambia wasifunge kitu, na vile vibao vya madirisha wavitupe.

Mashine mpya iliwekwa baada ya muda, na mbunifu aliitengeneza kwa bidii ya mtu anayelipa deni. Haiulizi tena ugonjwa. Inatoa namba tu, na swali linaulizwa na muuguzi, chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Dirisha la karani lipo wazi kwa asiyetaka kugusa skrini. Dada Pole alikwenda kutazama wiki ya kwanza, na muuguzi akamlalamikia kwamba tangu wabadilishe mtambo wao watu wameanza kuumwa kila kitu kilichoandikwa vitabuni, zamani ilikuwa homa tu na kazi ilikwenda haraka. Dada Pole alicheka. Hakukumbuka lini kazi yake ilimpa raha kiasi hicho.

Alikuwa bado amekaa kwenye benchi lake alipomwona bosi akiingia. Hakuwa na beji wala faili, na hakuja kukagua, maana alivaa shati la nyumbani na kusimama nyuma ya foleni kama watu wengine, macho chini. Alisogea taratibu. Alipofika mbele ya mashine akachukua namba, akaikunja mkononi.

Kazi ya Dada Pole ni kutazama watu. Siku ile aligeukia ukutani, akaanza kusoma tangazo la chanjo kuanzia juu mpaka chini, akalirudia tena neno kwa neno, mpaka aliposikia mlango wa muuguzi umefungwa.